Mbu Hang'ati

Siku ambayo Nyevu Karisa alimuuliza bibi mmoja wa Kihispania kama kichwa chake kilikuwa kikimng'ata, Mji wa Kale mzima wa Mombasa ulipata habari kabla ya adhuhuri.

Hakukusudia. Bibi yule alikuwa ameshuka kwenye meli ya watalii iliyofunga gati bandarini Kilindini, na sasa alikuwa amejibanza kivulini mbele ya Ngome, mkono kwenye paji la uso, jua la Machi limemlemea. Nyevu, ambaye kazi yake ilikuwa kutembeza wageni, akamwinamia kwa adabu zote alizofunzwa kwao, akamsemesha kwa Kihispania: "¿Le muerde la cabeza?" Alitaka kusema, je, kichwa chakuuma? Kumbe alichouliza ni kama kichwa kimeota meno na kinamtafuna mwenyewe.

Bibi akajipapasa nywele, kama mtu anayehakikisha.

"Bado, mwanangu," akajibu. "Lakini kikianza nitakwambia."

Wenzake wakaangua kicheko. Nyevu akacheka nao, kwani angefanyaje? Wakaendelea na safari. Walipofika kwenye kichochoro chenye maji yaliyotuama akaona ni vyema kuwatahadharisha na mbu, akatumia neno lile lile. Mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu akasimama katikati ya njia, akabweka kama mbwa, kisha akajipiga kofi shingoni. Hapo kicheko kikapasua kuta.

Fondo, mtembezaji mwenzake, alikuwa nyuma yao na kundi la Wajerumani. Fondo hakujua Kihispania hata neno moja, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Aliuliza, akaambiwa, na kufikia jioni Nyevu alikuwa na jina jipya.

"Mbu wa Meno, waenda wapi?"

"Naenda kukutafutia akili, Fondo. Yako imeliwa na mchwa."

"Imeliwa au imeng'atwa?"

Watu wa barazani wakapigana mabega kwa kucheka. Nyevu akapita kichwa juu, lakini moyoni aliungua. Aliungua kwa sababu Kihispania hakikuwa mchezo kwake. Alikuwa amezaliwa na kulelewa mtaani Tudor, binti wa mchukuzi wa maghala ya Shimanzi, na alipomaliza chuo na stashahada yake ya utalii alikuta Mji wa Kale umejaa vijana wanaotembeza wageni kwa Kiingereza, kwa Kijerumani, hata kwa Kiitaliano. Wahispania pekee ndio waliotembezwa kama bubu, kwa kuonyeshwa vitu kwa vidole. Nyevu akaona mlango ulio wazi usio na mtu. Akaanza kujifunza kwa simu, akiwa jikoni, akiwa kwenye foleni ya maji, akitembea. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa na masikio, ukaidi, na kamusi mbili.

Siku chache baada ya kisa kile, akaitwa na mwajiri wake. Kaizar alikuwa Mhindi wa Kibohora, mtu wa makamo, aliyerithi duka la vyuma la baba yake huko Ndia Kuu, akauza misumari yote na kuligeuza ofisi ya kupokea wageni. Wafanyakazi walimwita Kaizarbhai, yaani kaka Kaizar.

"Nyevu, mimi si mtu wa kumvunja mtu moyo," akaanza.

"Basi usinivunje, Kaizarbhai."

"Ngoja kwanza. Mwezi ujao yuaja mama mmoja kutoka Valensia, jina lake Remedios. Yeye huleta wageni Afrika, walimu waliostaafu. Anakuja na kundi dogo kuonja. Akiridhika na sisi, Wahispania wake wote watakaofika Mombasa watapitia hapa. Asiporidhika, ndiyo basi. Na kuna kijana Nairobi ambaye Kihispania chake, naambiwa, ni maji."

"Huyo kijana wa Nairobi aujua Mji wa Kale?"

"Haujui."

"Ajua nyumba ipi ni ya nani, na mlango upi ulichongwa na nani?"

"Hajui. Lakini hatamuuliza mtu kama kichwa chamng'ata."

Nyevu akamsogelea. Kisha akasema, polepole, kama anayeweka jiwe chini:

"Nipe mimi matembezi hayo. Nikivurunda, nitabeba maji ya kunywa nyuma ya kundi la Fondo, na Kihispania hutanisikia nikikitaja tena."

Kaizarbhai akamtazama, akaitazama dari, akauliza kama ana hakika. Nyevu akasema anayo. Hakuwa nayo, lakini kuna saa mtu husema kwanza halafu hakika ikamfuata mbio.

*

Sasa tuulize: kosa lilitoka wapi? Maana Nyevu hakuwa mvivu wala mzito wa kichwa. Kosa lilitoka kwenye zile kamusi mbili. Moja ilikuwa ya Kiswahili na Kiingereza, ya pili ya Kiingereza na Kihispania. Akitaka neno, alilitoa Kiswahili akalipeleka Uingereza, kisha akalitoa Uingereza akalipeleka Hispania. Ni kama mtu wa Tudor anayetaka kufika Ngomeni akaamua kupitia Nairobi. Atafika, ndiyo, lakini atafika amechoka, na mizigo nusu imepotea njiani. "Kuuma" yetu, iliyobeba kichwa na tumbo, nyuki na nge, ilifika Uingereza ikavuliwa nguo zote ikaachiwa meno peke yake. Na huko Hispania ikaingia na meno hayo hayo.

Wala si Nyevu peke yake. Tumefundishwa sote hivyo. Tumefundishwa kwamba lugha yetu ni viatu, kwamba ukitaka kuingia kwenye nyumba ya elimu uvivue mlangoni. Tukavivua, tukaingia peku, tukakanyaga kila mwiba.

Aliyemrudishia Nyevu viatu vyake alikuwa Shahnaz, muuza viungo. Duka lake lilikuwa hatua chache kutoka ofisini kwa Kaizarbhai, na Nyevu alizoea kupita hapo jioni kunywa chai na kupiga soga, huku Shahnaz akipepeta bizari na kujaza achari kwenye chupa. Watu walimwita Mama Duaa, kwa jina la bintiye. Alipenda kusikia lugha ngeni, akisema zamsafisha masikio.

Jioni hiyo Nyevu alikuwa akikariri kwa sauti, Kihispania kisha Kiswahili: "El perro muerde, mbwa ang'ata. El mosquito muerde, mbu ang'ata..."

"Hebu rudi hapo," Shahnaz akasema, upawa wa pilipili hewani. "Mbu afanya nini?"

"Ang'ata."

"Ang'ata! Kwani jibwa hilo? Tazama, beti, mwanangu. Bibi yangu alitoka Gujarat hajui hata kusema habari gani. Kiswahili chake kilikuwa kimebomoka kama ukuta wa udongo. Lakini hata yeye sikumsikia akisema mbu amng'ata. Mbu huuma. Mbu hang'ati."

"Najua, Mama Duaa. Nimeitafsiri tu."

"Kutoka wapi?"

"Kiingereza."

"Kiingereza kimeingiaje hapa? Mhispania yuko hapa, Mswahili yuko hapa, wazungumza wenyewe kwa wenyewe. Huyo wa tatu kaalikwa na nani?"

Nyevu akaweka kikombe chini. Chai ikapoa bila kuguswa. Mbu hang'ati! Neno alikuwa nalo tangu utotoni. Hakuna mtoto wa pwani anayelikosea, kwa sababu kung'ata ni kazi ya meno. Mbwa hung'ata, mtoto anayeota meno hung'ata, mkono uking'atwa huacha alama ya taya. Mbu na nyuki na nge hawang'ati. Hao hudunga, huuma kwa kitu chembamba kama uzi. Na mwiba? Mwiba huchoma. Sindano huchoma. Msumari huchoma. Hivyo havina roho wala nia, wewe ndiye umeviendea.

Akaichukua simu, akaanza kusikiliza upya mazungumzo ya Wahispania aliyokuwa akiyasikiliza miezi yote, lakini sasa hakuuliza Waingereza wanasemaje. Aliuliza swali alilozinduliwa na Mama Duaa: aliyefanya hivi ni nani, na amefanya kwa kitu gani, kwa meno, kwa mwiba wake, au ni kitu tu kisicho na roho? Na maneno yakaanza kujipanga kama watu kwenye safu ya swala. Mbwa na nyoka, wenye meno: mordedura. Mbu, nyuki, nge: picadura. Mwiba na sindano: pinchazo. Na kichwa kikiuma hakuna aliyemgusa mwenzake. Kichwa kina neno lake la maumivu, duele, na meno hayahusiki hata kidogo.

"Na pilipili?" Shahnaz akauliza. Alikuwa ameacha kupepeta.

Nyevu akatafuta, akacheka peke yake. "Pica."

"Si hiyo ya mbu?"

"Hiyo hiyo. Pilipili yawasha, mbu awasha. Kwao neno moja."

"Kumbe Wahispania wamemwoza pilipili kwa mbu!" Shahnaz akapiga makofi. "Harusi yenyewe nani atakula?"

Tangu siku hiyo Nyevu aliifungia kabatini kamusi ya Kiingereza. Kila neno jipya alilipokea mlangoni kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili akalihoji. Kazi ilikwenda polepole mwanzoni, kisha ikaanza kukimbia. Baba yake, akirudi kutoka Shimanzi na vumbi la ghala kwenye nywele, alimkuta bintiye akigombana na sufuria kwa Kihispania, akamwambia mkewe: "Huyu tumempoteza, au tumempata. Mojawapo."

*

Remedios alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mkuu wa shule. Alifika na wenzake kumi hivi, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, mawe ya Mji wa Kale yamenywa maji na kila ufa unatoa harufu ya chumvi. Alimwamkia Nyevu, akamsikiliza kidogo. Akatembea nyuma ya kundi mikono mgongoni, anatazama. Kaizarbhai naye alitembea kando yake, mikono mgongoni vile vile, anamtazama anayetazama.

Nyevu alianza vizuri. Aliwapitisha Ndia Kuu, akawaeleza milango na roshani, akawaambia ni nani aliyejenga kwa matumbawe na kwa nini dirisha la chini ni dogo kuliko la juu. Walipouliza kuhusu mbu, akawaambia mbu wa hapa pican, yaani huuma, mchana kidogo na jioni sana. Hakuna aliyebweka. Akaona mabega ya Kaizarbhai yakishuka kutoka masikioni.

Kisha wakafika kwenye nyumba moja ya zamani yenye baraza ndefu ya mawe. Mzee mmoja wa kundi, Anselmo, akaomba apumzike. Moyo wake haukuwa na nguvu, mkewe alikuwa amekwisha kumwambia Nyevu hilo asubuhi. Anselmo akakaa, akaegemeza mkono nyuma yake, kwenye ufa kati ya baraza na ukuta.

Akapiga ukelele.

Mkewe akamvuta mkono. Kwenye nyama ya kiganja palikuwa na matundu mawili, pamoja, yanatoa damu kidogo, na kando yake ngozi imeanza kuvimba. Watu wakasongamana. Fondo, aliyekuwa akipita na wageni wake, akakimbia kuja kusaidia, akauliza kwa Kiingereza ni kitu gani kimemuuma mzee. Fondo hakuwa na ubaya. Lakini Kiingereza kina neno moja linalomtosha mbwa, mbu na nyoka, na ndilo alilolitumia. Mmoja wa wale walimu, aliyejua Kiingereza, akalidaka neno lile na kuwatafsiria wenzake: mordedura.

Mordedura! Meno! Mkewe Anselmo akatazama matundu mawili, akatazama ufa mweusi wa ukuta, na neno la pili likajileta lenyewe.

"¡Una serpiente!"

Nyoka! Basi ikawa kiama. Huyu amepanda juu ya baraza ya jirani, yule analia, mwingine anavua mkanda wa suruali amfunge mzee mkono. Anselmo akawa mweupe kama chokaa. Akajishika kifua. Mkewe akaanza kusali. Remedios, mwenye sauti yake ya mkuu wa shule, alipiga kelele watulie na hakuna aliyetulia. Kaizarbhai alishika kichwa kwa mikono miwili.

Nyevu hakuwatazama. Alikuwa amepiga magoti, anatazama ufa. Kabla ya kusema neno lolote alitaka kujua aliyefanya hivi ni nani. Akaingiza ncha ya mwavuli wake, akapekua, na kitu chekundu chenye miguu isiyo na idadi kikamwagika sakafuni, kikapinda, kikataka kurudi gizani.

"Tandu!" Fondo akasema, akamkanyaga kwa kisigino. "Nimemmaliza."

Sasa neno. Tandu huuma kwa mbele, na yale matundu mawili yalionekana kabisa kama ya meno. Mtu wa kamusi angesema mordedura, na labda angepata alama kwenye mtihani. Lakini Nyevu alijiuliza kwa Kiswahili: nani amewahi kusema tandu amemng'ata? Hakuna. Tandu huuma kama nge aumavyo, kwa kudunga na kutia sumu yake ndogo yenye moto. Na zaidi ya hilo, mbele yake alikuwa mtu ambaye moyo wake ulikuwa ukikimbia kwa sababu ya neno. Neno ndilo lililomwogopesha zaidi ya mdudu. Neno ndilo lingemtuliza.

Akamshika Anselmo mabega. Akasema kwa Kihispania, sauti wazi, kama mtu anayesoma tangazo:

"Señor, nitazame. No es mordedura. Es una picadura. Si nyoka. Ni tandu, ciempiés, na amekwisha kufa, huyu hapa. Inauma sana, najua. Itauma leo na itavimba. Lakini ni picadura tu."

Picadura. Lile neno la nyuki na nge, la viwanja vya utotoni, la mama anayepuliza kidonda. Nyevu aliliona likiingia. Aliona mabega ya mzee yakilegea chini ya viganja vyake. Mkewe akaacha sala katikati, akamtazama tandu aliyepondeka, akavuta pumzi ndefu.

"¿Picadura?" akauliza.

"Picadura."

"Ah," mke akasema, na kumgeukia mumewe kwa ukali wa mapenzi. "Na wewe unapiga kelele hivyo kwa picadura?"

Aliyevua mkanda akaurudisha kiunoni kwa aibu. Aliyepanda baraza akashuka. Mwenye nyumba akaleta maji na sabuni, Nyevu akamwosha mzee mkono, kisha yeye na Fondo wakamshika huku na huku mpaka zahanati ya karibu, polepole, bila mbio. Daktari akampima moyo, akampa dawa ya maumivu na kitambaa cha maji ya moto, akamwambia apumzike. Alipotaka kumchoma sindano, Anselmo akamuuliza Nyevu kama hiyo nayo ni picadura.

"Hapana, señor. Hiyo ni pinchazo. Haina nia mbaya."

Mzee akacheka mpaka akakosa kuona sindano ilipoingia.

*

Kaizarbhai alimngoja mlangoni pa ofisi. Remedios alikuwa ndani, ameketi, anakunywa maji ya ndimu. Aliwaita wote wawili, akasema, na Nyevu ilibidi atafsiri sifa zake mwenyewe, kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku hiyo.

"Anasema..." Nyevu akakohoa. "Anasema kijijini kwao, mlimani, kuna tandu, na mama yake alikuwa akisema neno hilo hilo, picadura. Anasema amefanya kazi na watembezaji wengi. Wengi hutafsiri maneno. Anasema mimi niliuliza kwanza kilichotokea."

"Na nini tena? Amesema mengi kuliko hayo."

"Mengine ni sifa, Kaizarbhai."

"Tafsiri."

"Anasema wageni wake wote wa Mombasa watapitia hapa. Kwa sharti kwamba watembezwe na mimi."

Kaizarbhai akainuka, akampa Remedios mkono, akampa Nyevu mkono, akajisahau akampa mkono na Fondo, aliyekuwa akichungulia dirishani.

"Na Nairobi?" Nyevu akauliza.

"Nairobi wana mji wao. Wautembee."

Angeweza kuishia hapo na kuridhika. Nyevu hakuridhika. Alisimama pale na furaha imemjaa mpaka shingoni, akasema analo ombi. Makundi yakija hataweza peke yake. Wenzake wafundishwe, hapa hapa ofisini, na yeye ndiye atakayewafundisha. Kihispania moja kwa moja kutoka Kiswahili, bila mtu wa tatu.

Kaizarbhai akasema aanze hata kesho.

Akaanza wiki ile. Watembezaji walikuja na viti vyao, wengine kwa kudadisi, wengine kwa kejeli. Fondo alikaa mbele kabisa, kalamu sikioni.

"Haya, mwalimu," akasema. "Tuanzie wapi?"

"Tuanze na neno la kwanza analoambiwa mgeni. Karibu. Nani aniambie maana yake?"

"Karibu ni karibu," mmoja akasema.

"Ukimwambia mgeni aingie?"

"Karibu."

"Na Ngome iko mbali au wapi?"

"Iko karibu."

"Na mvua je?"

"Karibu itanyesha."

"Wahispania wana maneno matatu hapo," Nyevu akasema, akageukia ubao. "Sisi tuna moja, na hatujawahi kukosana. Sasa mniambie, kwa Kiswahili, tofauti ya hizo karibu tatu ni nini."

Chumba kikalipuka. Kila mtu alikuwa na karibu yake, na kila mmoja alitaka isikilizwe kwanza. Nyevu akabaki na chaki mkononi, akawaacha wabishane.